Kabati Lililolazwa Chali

Jumatatu, 10 Juni

Vifaranga wamefika leo asubuhi, mia moja kamili, ndani ya boksi lililoandikwa jina la mume wangu. Aliwaagiza mwezi wa tatu akiwa mzima, na wale wa kiwanda cha kutotolesha hawakuwa na habari kwamba mwezi wa nne tulimzika. Dereva alisimama nje akaita jina lake mara mbili kwa sauti kubwa. Nikatoka. Akauliza mwenyewe yuko wapi aje asaini, nikamwambia nitasaini mimi. Sikuwa na nguvu ya kuanza kueleza. Alipowasha gari akasema nimsalimie mzee.

Nimewaweka kwenye bruda yetu ileile ya chumba cha nyuma: duara la makaratasi magumu, maranda chini, na katikati jiko la mkaa lililofunikwa kwa chungu ili wasiungue. Hiyo ndiyo njia yake. Mkaa hushika saa tatu, ukibahatika nne, kwa hiyo kila baada ya saa tatu lazima mtu aamke auchochee. Tulikuwa wawili. Zamu yangu ikifika alinigusa mguu kwa kidole gumba cha mguu wake, kisha akageukia ukutani.

Daftari hili ni lake la vifaranga. Yeye aliandika kutoka mbele. Mimi nimeligeuza nimeanzia nyuma, ili tusigongane.

Jumanne, 11 Juni

Nimeamka saa tano, saa nane na saa kumi na moja. Wote wazima.

Jumatano, 12 Juni

Saa tano, saa nane. Ile ya kumi na moja nilipitiwa na usingizi. Wawili wamekufa, wamelaliana pembeni ya jiko lililopoa. Mvua na upepo. Nimewazika nyuma ya choo.

Alhamisi, 13 Juni

Wifi amekuja.

Sikumtegemea. Tangu siku ya maziko hajakanyaga hapa, na mimi sijaenda kwake. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, mkoba mapajani, akakataa chai. Amekonda. Akaniambia ana uvimbe kwenye kizazi, wanamfanyia upasuaji Alhamisi ijayo, na wodi ile wanataka kila mgonjwa alale na ndugu mmoja usiku wa kwanza, kwa kuwa wauguzi ni wachache. Mwanawe yuko mbali na kazi haimruhusu. Mumewe alishamwacha miaka mingi.

"Sina mwingine," akasema, akitazama mkoba.

Niandike jinsi mambo yalivyokuwa, maana nikikaa nayo kichwani yanageuka kila siku. Mume wangu alilazwa siku tatu. Jioni ya tarehe kumi na saba Aprili nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chake, namkata kucha. Nyumbani tulikuwa na vifaranga wa siku tano. Akaniambia, "Nenda, mkaa utazima. Dada atalala hapa." Nikamwambia wafe tu. Akakasirika, akasema hawezi kupona huku anawaza moto. Nikaenda. Sikumalizia mkono wa kushoto. Alifariki alfajiri, na saa hiyo mimi nilikuwa nimepiga magoti chumba cha nyuma, napepea mkaa kwa mfuniko wa sufuria.

Siku ya maziko, uani kumejaa watu, wifi akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Kaka yangu amekufa, mkewe yuko nyumbani anawaotesha kuku moto." Sikumjibu. Vifaranga wale walikuwa wazima wote usiku ule. Wamekua, wameuzwa, wameliwa na watu nisiowajua.

Leo nilimwambia wifi kwamba nina vifaranga wa siku tatu na sina wa kumwachia. Ni kweli. Jirani yangu ni mlinzi, analinda usiku. Mwanangu wa kiume yuko ng'ambo, simu yake moja kwa wiki. Wifi akacheka kidogo kwa pua. "Vifaranga tena," akasema. Akainuka, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Ijumaa, 14 Juni

Sijalala, na leo si kwa ajili ya mkaa.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeenda kununua chakula cha vifaranga kwa Mama Pumba. Huyu ni mama wa duka la vyakula vya mifugo, mnene, mcheshi, anajua habari za kila banda la kuku katika eneo letu na za kila ndoa pia. Nilimuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichonunua, kama kuna namna ya kuwaacha vifaranga wachanga peke yao usiku mmoja.

"Nani kakwambia kifaranga anataka moto?" akasema. "Anataka joto. Na joto analo mwenyewe, shoga yangu, shida yake halikai. Wewe ukilala unaweka jiko kitandani? Si unajifunika?"

Akanieleza pale pale juu ya gunia. Unachukua sanduku lenye nafasi ya kuwatosha tu, wasibanane, wasipwaye. Unaliongezea ukuta wa ndani, na kati ya kuta mbili unajaza kitu laini kikavu. Kona zote unaziba kwa karatasi gumu ziwe mviringo, maana kifaranga akisikia baridi hukimbilia kona, na wenzake humrundikia mpaka akose pumzi. Maranda yawe ya kina cha kiganja. Juu unashona mfuniko laini kama godoro jembamba, unaoning'inia kidogo katikati hadi uwaguse migongo, wadhani wako chini ya mama yao. Matundu ya hewa ubavuni. Wanajipasha wenyewe kwa wenyewe. Mwenye vifaranga analala kwake, au anasafiri, au anafanya anachotaka.

Nilimuuliza amejulia wapi. Akasema bibi yake hakuwahi kulea kwa namna nyingine. Halafu akasema, huku anapima, "Mbona mumeo nilimweleza haya yote mwaka jana? Akaniambia nimeuza pumba mpaka zimenipanda kichwani." Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaongeza kibaba kizima bila kukipima.

Nimerudi nimefungua daftari upande wake. Nimeipata habari hiyo. Agosti mwaka jana, mwandiko wake wa kuinamia kushoto: "Siku ya 6. Mmoja amekufa. Mama Pumba anasema watu hulea bila moto. Nimecheka sana."

Agosti ile nilikuwa na homa. Nakumbuka kwa sababu niliomba aichukue zamu yangu siku mbili, akaichukua siku moja. Siku ya pili kidole gumba kikanigusa mguuni kama kawaida.

Jumapili, 16 Juni

Nimefanya kazi tangu alfajiri.

Sanduku la kuwatosha sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni kabati lake la nguo, tupu tangu ndugu zake walipogawana nguo. Jirani mlinzi alipotoka kazini alinisaidia kulilaza chali katikati ya chumba cha nyuma na kung'oa milango. Akauliza tunamwandalia nani kitanda. Nikamwambia. Akasema yeye angejua kuku wanalala kabatini angekuwa kuku siku nyingi. Alikuwa na usingizi macho mekundu, lakini alibaki akanitobolea matundu kumi kwa msumari wa moto, matano kila ubavu, ya kupenya kidole.

Nimeligawa kwa ubao mmoja wa mlango. Nusu moja ni ya kulala, nusu ni ya kula na kunywa, na kwenye ubao nimekata kijilango cha kupita. Ukuta wa ndani nimetengeneza kwa lile karatasi gumu la bruda ya zamani. Majani makavu niliyokuwa nayo yamejaza pande tatu. Upande wa nne na mfuniko vilikuwa bado. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kitu laini. Nilijua tangu mwanzo kipo wapi.

Mto wake ni wa sufi halisi, si sponji. Alikuja nao siku tulipooana, akisema mito ya dukani inampa kichwa kizito. Ulikuwa bado na bonde lake katikati. Niliushika mpaka saa sita. Kisha nikaufumua kwa kiwembe, mshono mmoja mmoja, kama ninavyofumua nguo za watu wanaotaka zipunguzwe. Sufi ikajaa chumba, ikanishika nywele. Nusu nimejaza ukutani. Nusu nimeshonea mfuniko kati ya shuka mbili.

Nimekohoa jioni nzima.

Jumatatu, 17 Juni

Jana jioni niliwaingiza, jiko nikaliweka nje. Ulikuwa usiku wa kwanza bila moto. Upepo ulikuwa mkali na nilipogusa yale matundu nilisikia baridi inapenya kama ncha ya sindano. Mama Pumba alisema matundu yaachwe wazi. Mimi nikaona ni kuwatesa. Nikakata vitambaa, nikayaziba yote kumi. Juu ya mfuniko wa sufi nikaongeza blanketi. Juu ya blanketi, koti langu. Nikalala chumbani kwangu nikijisifu.

Asubuhi nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni kama wa sufuria ya wali. Harufu kali ya kinyesi cha kuku hadi machozi yakanitoka. Walikuwa wamelowa wote, manyoya yamewaganda kama waliotolewa mtoni. Wanne wamekufa, na hao hawakufa kwa baridi.

Mama Pumba alikuja mchana kwa miguu, na matope hadi magotini, nilipompigia simu. Alinyoosha mkono ndani, akanusa kiganja, akaanza kuchomoa vitambaa kimoja kimoja akinitupia mapajani. "Umewapika," akasema. "Mtu akikupenda hivi, mkimbie. Hata maiti hafunikwi namna hii."

Akajiziba mdomo. Tulikaa, yeye na mimi, tunasikiliza vifaranga wakipumua hewa. Kisha akaomba maji ya kunawa miguu.

Kabla ya kuondoka alinifundisha kusikiliza. Wakilia kwa nguvu, kwa sauti ya juu, wana baridi. Wakitawanyika mbali mbali na midomo wazi, wana joto. Wakinong'ona kama watu walio kwenye foleni ndefu, wako sawa, waache. Akasema kosa la watu wengi ni kwenda kuwatazama. Kila ukifunua unawamwagia baridi, halafu unafunika zaidi kufidia.

Nimebadilisha maranda yote. Waliobaki ni tisini na wanne.

Jumanne, 18 Juni

Matundu wazi. Mfuniko mmoja. Nililala chumba cha mbele na nikajiapiza kutoinuka. Saa tano macho yalifumbuka yenyewe, saa nane tena, saa kumi na moja tena. Mwili umeshafundishwa. Nililala nikisikiliza. Wananong'ona.

Asubuhi tisini na wanne, wakavu, wanaruka.

Nilikaa pembeni ya kabati nikanywa chai. Kuna jambo lilitaka kuja kichwani, nikalifukuza. Usiku mmoja na mimi nikiwa ndani ya nyumba si kitu. Huenda ni bahati.

Mchana nimempigia wifi nikamwambia nitakuja kulala naye Alhamisi. Akasema, "Haya." Kisha akasema nije na shuka yangu, za hospitali hazitoshi.

Sijamsamehe. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye. Ninakwenda kwa sababu sitaki mtu asimame tena mbele za watu na kutaja jina langu pamoja na kuku.

Jumatano, 19 Juni

Maandalizi. Nimeziba tundu la panya nyuma ya mlango kwa vipande vya chupa na udongo. Nimetandika wavu wa madirisha juu ya nusu ya kula, nikaubana kwa misumari. Nimemwaga majivu kuzunguka kabati lote, siafu wasipite. Vyombo vya maji viwili badala ya kimoja, kila kimoja na kokoto ndani ili atakayetumbukia asizame. Chakula cha kuwafikisha kesho kutwa. Nimewafungia giza mapema siku mbili hizi ili wazoee, maana giza la ghafla huwatia kiwewe wakarundikana. Usiku wa jana nao wamepita salama.

Jioni nilipima upana wa matundu kwa kidole tena, kama yanaweza kuwa yamepungua.

Alhamisi, 20 Juni

Wodini. Naandika nimekaa sakafuni kwenye shuka yangu.

Niliondoka nyumbani saa tisa mchana, mawingu mazito. Niliwaingiza upande wa kulala, nikashusha mfuniko, nikasimama mlangoni mpaka wakaanza kunong'ona. Nikafunga. Nilipofika barabarani nikarudi. Sikufungua, niliweka sikio tu mlangoni. Jirani mlinzi akanikuta hapo akiwa anajiandaa kwenda kazini. Akaniambia, "Nenda, mama. Hata mimi ningekuwa nalinda kitu chako kwa namna hiyo, mwizi angejua kuna dhahabu."

Ni basi na miguu, karibu saa mbili. Hospitali ni ileile. Wodi ni nyingine, ya wanawake, lakini ukanda ni ule na benchi ni lile la kijani lililovunjika mguu. Muuguzi akanitazama akauliza kama mimi ndiye wa kulala. Nikasema ndimi.

Wifi amerudi kutoka chumba cha upasuaji, analala. Mdomo umemkauka. Wamesema nimloweshe kwa pamba, asinywe. Nimemlowesha. Ana midomo ya kaka yake. Sikuwahi kuona.

Mvua imeanza. Bati la hapa linapiga kelele, sijui la nyumbani.

Ijumaa, 21 Juni

Wifi aliamka kukipambazuka. Wagonjwa wengine walikuwa wamelala, mfagiaji anapiga deki mwishoni mwa ukanda. Nilikuwa nimeinama namlowesha midomo. Akanitazama muda mrefu kama anayehakikisha ni nani.

"Umekuja," akasema.

Nikamwambia nilikuja tangu jana.

Akasema yeye amelala kwenye kitanda hiki, lakini usiku kucha alikuwa wodi ile nyingine. Akafumba macho akaanza kuongea, polepole, na sikumkatiza. Nitaandika kama alivyosema, kadiri ninavyokumbuka.

Alisema usiku ule, nilipoondoka tu, homa ilimpanda kaka yake. Akauliza kama nimefika. Wifi akamwambia nimekwenda nyumbani, yeye mwenyewe ndiye aliyeniruhusu. Akatulia. Baada ya muda akauliza tena. Wifi akashika simu anipigie. Kaka yake akamshika mkono, akasema, "Usimpigie. Atauacha moto." Simu ikarudi mkobani. Dakika haijapita anauliza kama nimefika.

"Sasa ningefanya nini, wifi?" akasema. "Nikamwambia uko njiani. Akauliza tena, nikamwambia mvua imekukamata, umejibanza mahali. Akauliza tena. Nikamwambia umefika, uko getini, askari anakuzuia kwa sababu saa za kuona wagonjwa zimepita. Hapo akacheka. Akasema, 'Mwambie huyo askari, huyo ni mke wangu.' Hilo ndilo neno lake la mwisho."

Mfagiaji alifika kitandani kwetu. Niliinua miguu akapitisha deki, akaenda.

"Nilikuleta usiku kucha," wifi akasema. "Nilikutoa nyumbani nikakufikisha getini. Halafu asubuhi ukaja kweli, umevaa khanga ina majivu, ukaniuliza anaendeleaje. Nikakuchukia. Mpaka leo nashindwa kukwambia nilikuchukia kwa kosa gani."

Nilikuwa na maneno miezi miwili. Nimeyapanga nikishona, nimeyapanga nikiosha vyombo, yapo ya kumkata na yapo ya kumliza. Nilichovya pamba majini nikamlowesha midomo, akaniacha.

Baadaye akaniuliza safari hii vifaranga nimemwachia nani. Nikamwambia wako peke yao.

"Na moto?"

Nikamwambia hakuna moto, nimewatengenezea mahali pa kujipasha wenyewe.

"Inawezekana?"

"Sijui bado. Nitajua nikifika."

Akageuza uso akanitazama. Wifi si mjinga, alisoma kuliko mimi na kaka yake. "Kwa hiyo kama wako wazima," akasema, na hakumalizia. Akachukua mkono wangu akauweka juu ya shuka, akaushika mpaka daktari alipokuja. Sikumwambia kwamba kaka yake alielezwa habari hiyo Agosti. Sikumwambia alicheka. Hilo nitakaa nalo mwenyewe. Amebaki na kaka yule wa getini, aendelee kuwa naye.

Niliondoka saa tatu, mtoto wa wifi aliponipigia kusema yuko njiani, amepewa ruhusa ya siku mbili.

Kwenye basi nilikaa dirishani. Mvua ilikuwa haijakata tangu jana, mitaro imejaa, na ilipiga baridi ambayo sijaiona mwaka huu. Watu wote wamejikunyata. Nikaanza kuwaza kabati. Nikawaza bati la chumba cha nyuma lenye tundu nililosahau, maji yakidondoka kwenye mfuniko wa sufi, sufi ikinyonya, ikiwalalia migongoni nzito na ya baridi. Niliwaza panya. Niliwaza wamerundikana. Na nikajikuta, katikati ya watu, naomba nikute hivyo. Sikuomba wote, ni wachache tu. Watano. Wawili. Hata mmoja tu, amelala ubavu, mguu umekakamaa, aniambie kwamba usiku ule wa Aprili sikuwa na la kufanya, kwamba moto ulinihitaji, kwamba hakukuwa na namna nyingine ya mimi kuwa mahali pengine isipokuwa pale nilipokuwa, magotini, na mfuniko wa sufuria mkononi.

Nimewalea viumbe hawa miaka kumi na mmoja. Sijawahi kuwaombea kifo hata wale wagonjwa.

Nilifungua mlango wa chumba cha nyuma bila kuvua viatu. Majivu yalikuwa kama nilivyoyamwaga, hakuna unyayo. Bati halivuji. Nilipiga magoti nikainua mfuniko.

Walikuwa wametandaa kama zulia, wakavu, wamelala vichwa juu ya migongo ya wenzao. Mwanga ulipowaingia wakainua shingo wote kwa pamoja. Nikawahesabu wakipita kwenye kijilango kwenda kula, mmoja mmoja, kidole changu kwenye ubao. Tisini na wanne. Sikuamini, nikawarudisha, nikahesabu tena. Nikatafuta kwenye maranda kwa mikono miwili, nikainua karatasi la kila kona. Tisini na wanne. Hakuna aliyechechemea. Hakuna hata aliyelowa.

Kwa muda wa saa ishirini walikuwa peke yao, kwenye usiku wa baridi kuliko yote, na hawakunihitaji hata kidogo.

Nililia hapo hapo, koti la mvua mwilini. Sikulia hivyo siku ya maziko. Nilikuwa namlilia yeye na namkasirikia yeye, na mwili mmoja hautoshi kwa yote mawili. Vifaranga walinipanda viatuni, wakadonoa nyuzi za soksi. Niliwatazama nikawachukia, kila mmoja kwa uzima wake.

Halafu nikaona chombo kimoja cha maji kimekauka, nikainuka nikaenda kukijaza.